Vifaa vya kukodi Moshi kwa msimu wa theluji Kibo: kipi ukiamini, kipi ukikague mwenyewe

Kwa baridi, maduka ya kukodisha vifaa vya mlima mjini Moshi yanatosha. Kwa theluji bado, na tofauti hiyo ndiyo inayowaponza watu wanaopanda Machi hadi Mei, au Novemba na Desemba, wakiwemo Watanzania wengi wanaotaka kuwa juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, Siku ya Uhuru, 9 Desemba.

Sababu iko kwenye mzunguko wa mali. Koti zito, suruali ya mvua, begi la kulalia na fimbo vinatoka dukani mwaka mzima, kwa hiyo mwenye duka anavijua, anavifua, na zipu ikikatika anapeleka kwa fundi. Spaiki, gaita (vifuniko vya kuzuia theluji na kokoto kuingia kiatuni), miwani ya barafu na helmeti vinakaa kwenye ndoo au chini ya meza miezi kadhaa. Theluji ikishuka Kibo, vyote vinatolewa kwa siku moja bila mtu kuvigusa tangu msimu uliopita: mpira umekauka, kutu imeingia, jozi zimechanganyika. Mali nyingi ni vitu vilivyoachwa na wageni au vilivyopatikana kwenye mitumba ya Memorial, na duka moja linaweza kuwa na koti bora na spaiki mbovu kwenye rafu moja. Ndiyo maana hapa tunapima huduma ya mji mzima kifaa kwa kifaa, si duka kwa duka.

Tuanze na spaiki, kwa sababu ndizo zinazokodiwa kwa haraka zaidi na kukaguliwa kidogo zaidi. Utakazopewa mara nyingi ni za minyororo: pete ya mpira inayovutwa juu ya kiatu, minyororo ya chuma chini ya soli, na meno ya kama sentimita 1. Kwa njia za kawaida za Kibo hizo ndizo zinazofaa. Mahali pa kuzihitaji hasa ni kwenye ukingo wa kreta, kati ya Gilman's Point na Stella Point. Hapo njia ni nyembamba, upande mmoja unashuka ndani ya kreta, na theluji iliyokanyagwa mchana hugeuka barafu usiku. Kutoka Stella hadi Uhuru mwinuko ni mpole lakini panateleza. Kwenye kokoto legelege za kutoka Kibo Hut kwenda juu, zivae tu kama theluji imefunika mawe kabisa. Ukitembea nazo juu ya mawe matupu unayaua meno, na kifundo cha mguu kinajikunja kirahisi.

Kuzikagua dukani ni kazi ya dakika tano. Vuta mpira hadi uongezeke kama nusu ya urefu wake, kisha tazama sehemu ya mbele ya vidole na ya nyuma ya kisigino, maana ndipo unapopasukia. Mistari midogo iliyokauka hapo inatosha kuikataa jozi. Mpira unaovutika kwa shida kwenye joto la Moshi hautavutika kabisa saa tisa usiku, baridi ikiwa nyuzi 15 chini ya sifuri na wewe una glovu nene. Pitisha kidole kwenye kila kiungo cha mnyororo, hasa pale mnyororo unaposhikana na mpira, kwa sababu kiungo kimoja kilichofunguka kinaachia upande mzima. Halafu zivae juu ya kiatu chenyewe utakachopandia, si juu ya raba ulizokuja nazo dukani, na upige mateke hewani. Zikihama upande, chukua saizi nyingine. Beba waya laini wa sentimita 30 na vibanio vichache vya plastiki vya kufungia nyaya. Kiungo kikiachia njiani, hivyo vinakufikisha chini.

Maduka machache yana kramponi halisi, yaani fremu za chuma za kufunga chini ya kiatu, zenye meno 10 au 12. Hapa makosa ni mengi, kwa sababu kramponi huenda na aina ya kiatu. Zile za kufunga kwa mikanda mbele na nyuma zinakubali karibu kiatu chochote kigumu kiasi. Zenye kibano cha kisigino zinahitaji kiatu chenye ukingo wa kushikia nyuma, na za kubana pande zote mbili zinataka ukingo mbele na nyuma pamoja na soli isiyokunjika. Ukiifunga kramponi ngumu kwenye kiatu laini, mguu unakunjika na chuma hakikunjiki, hivyo inachomoka au kiungo cha katikati kinavunjika. Ijaribu hivi: ingiza kiatu bila kufunga mikanda, kishike juu chini, kitikise. Kramponi iliyorekebishwa vizuri inabaki mahali pake. Nati na skrubu za kiungo cha katikati zikazwe mbele ya macho yako, na bizimu zikae upande wa nje wa mguu ili meno ya mguu wa pili yasizinase.

Meno butu yanolewe kwa tupa ya mkono. Ukiona meno yamebadilika rangi kuwa ya bluu, yamenolewa kwa mashine na joto limeua ugumu wa chuma, kwa hiyo yaache. Kramponi za alumini ni nyepesi na zinavutia, lakini kwa Kibo ambako theluji na mawe ya volkano vimechanganyika zinaisha haraka, chukua za chuma. Angalia pia kama zina bamba la plastiki au mpira chini. Jua likipanda theluji inakuwa mbichi na kuganda kati ya meno, na bila bamba hilo unajikuta umesimama juu ya donge lisiloshika chochote. Kama halipo, gonga ubavu wa kiatu kwa fimbo kila hatua chache wakati wa kushuka.

Shoka la barafu usilikodi kwa njia za Marangu, Machame, Lemosho au Rongai, isipokuwa kiongozi wako amekuagiza na umefundishwa kujizuia nalo ukiteleza. Asiyelijua anabeba ncha kali itakayomuumiza yeye mwenyewe.

Miwani ndiyo tunayoipa alama ya chini kabisa, na hapa tunawasihi wenye maduka wabadilike. Mionzi ya jua inayounguza macho (UV) huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, na theluji mpya hurudisha juu hadi asilimia 80 ya mionzi hiyo. Kwa hiyo jicho linapigwa kutoka juu na kutoka chini, hata mawingu yakiwepo. Miwani nyeusi ya bei poa isiyo na kichujio ni mbaya kuliko kutovaa kitu: giza lake linaifanya mboni ifunguke zaidi na kuingiza mionzi mingi zaidi. Tazama ndani ya mkono wa miwani uone namba ya daraja. Namba 3 hupitisha asilimia 8 hadi 18 ya mwanga, namba 4 asilimia 3 hadi 8. Kwenye theluji iliyotanda chukua namba 4 yenye vizuizi vya pembeni, na usiendeshe gari nayo. Isiyo na namba wala alama ya UV irudishe hata kama ni nzuri usoni. Baadhi ya maduka ya miwani mjini yana kipimo cha UV, na kuipitisha hapo ni kazi ya sekunde chache.

Upofu wa theluji unadanganya kwa sababu hauumi wakati unaunguzwa. Maumivu huanza saa 6 hadi 12 baadaye, yaani ukiwa umeshashuka kambi ya Horombo au Mweka: macho yanatoa machozi, hayavumilii mwanga, unahisi kama yamejaa mchanga. Usiyasugue. Toa lenzi za macho kama unazo, funika kwa kitambaa safi chenye maji baridi, kaa gizani. Kwa kawaida hali hupungua ndani ya siku moja hadi tatu, lakini katika muda huo mtu huyo anashikwa mkono kama hawezi kuona njia. Miwani ikivunjika juu, kata kipande cha boksi, toboa mwanya mwembamba ulalo mbele ya kila jicho, kifunge kwa kamba. Utaona njia kupitia mwanya huo na mionzi mingi itazuiwa.

Wanaosahaulika ni wagumu, yaani wapagazi. Mgeni anakodiwa miwani ya daraja la 4, na kijana aliyebeba kilo 20 anavuka theluji ya kambi ya Barafu akiwa amekunja uso tu. Mradi wa kusaidia wapagazi wa Kilimanjaro, KPAP, una ofisi Moshi na huwaazima wapagazi mavazi ya mlimani bila malipo. Wahi kabla ya siku ya safari. Na kiongozi anayekodi vifaa vya kundi aweke miwani ya timu yake kwenye hesabu tangu mwanzo.

Gaita zinazopatikana Moshi ni nzuri kwa jumla, maana hutumika pia kwa vumbi na kokoto wakati wa kushuka. Kagua mkanda unaopita chini ya soli, kwani ndio unaokatika kwanza, na safisha velkro kwa kitana kidogo, kwa sababu ikijaa nyuzi haishiki ikilowa.

Viatu: kama unavyo vyako vilivyozoea mguu, usikodi. Kama huna budi, tatizo la viatu vya kukodi ni soli inayobanduka. Sponji iliyo kati ya soli na kiatu huoza yenyewe kwa unyevu na umri, hata kiatu kikikaa tu kwenye rafu. Bonyeza sehemu hiyo kwa ukucha kisiginoni. Ikibaki na shimo au ikitoa unga, kiatu hicho hakifiki Uhuru na kurudi. Kikunje mara kadhaa uone kama kuna mwanya kati ya soli na ngozi. Soli iliyobandikwa gundi upya bila kushonwa itaachia kwenye theluji mbichi, lakini fundi viatu mzuri ataizungushia mshono kwa muda mfupi, na inafaa kuagiza hivyo. Saizi ipime ukiwa umevaa soksi nene. Simama mahali pa mteremko na vidole visiguse mbele. Usiongeze soksi hadi kiatu kibane, maana damu isipopita, vidole vinaganda hata ndani ya kiatu kizuri.

Mabegi ya kulalia yanastahili sifa. Mengi ni mazito kweli. Soma kibandiko: kwa kawaida kuna kiwango cha starehe, kiwango cha mwisho cha kuvumilia, na kiwango cha hatari. Muuzaji atakutajia namba kubwa kuliko zote, ambayo ni ya hatari, yaani kiasi cha baridi ambacho begi linakuzuia usife tu. Wewe angalia starehe, na kwa Kibo Hut au Barafu tafuta nyuzi 10 chini ya sifuri au zaidi ya hapo. Begi la manyoya lifungue, likung'ute, liache dakika kumi. Sehemu zinazobaki bapa zimeganda kwa kufuliwa vibaya, na baridi itapita hapo. Tochi ya kichwa iwe na seti mbili za betri. Mtu anaondoka karibu saa sita usiku na jua halichomozi hadi baada ya saa kumi na mbili asubuhi, na betri za kawaida zilizonunuliwa kwa mangi zinazimika mapema kwenye baridi usipoziweka ndani ya koti.

Helmeti inakuhusu kama njia yako ni Western Breach. Hapo hatari kubwa ni mawe. Theluji na barafu huyashikilia usiku, jua likipiga yanaachia, yanakuja kwa kasi bila onyo. Januari 2006 wapandaji watatu kutoka Marekani walifariki hapo kwa kupigwa na mawe, njia ikafungwa, ikafunguliwa tena mwishoni mwa 2007. Mwaka 2015 Mmarekani mwingine alifariki kwenye njia hiyo hiyo kwa jiwe. Kwa hiyo kundi huondoka usiku ili liwe limepita eneo la hatari kabla ya jua kulifikia. Helmeti iwe na alama ya EN 12492 au UIAA, ambavyo ni viwango vya helmeti za kupandia mlima, na tarehe ya kutengenezwa isizidi miaka 10. Ibane kwa mikono miwili pande zote, na ukisikia mlio wa kupasuka iache. Helmeti ya baiskeli haikutengenezwa kwa mawe ya kutoka juu, na ya bodaboda ni nzito na inaziba masikio, wakati hapo unahitaji kusikia mtu akipiga kelele kwamba jiwe linakuja.

Sasa jambo ambalo hakuna duka litakalokueleza. Spaiki na kramponi zinakuzuia kuteleza juu ya theluji. Hazikusaidii theluji yenyewe inapoondoka na wewe. Kwenye njia za kawaida za Kibo maporomoko makubwa ya theluji si jambo la mara kwa mara, kwa sababu mara nyingi theluji haikai nene muda mrefu. Lakini sheria za theluji ni zilezile kila mahali: mteremko wa nyuzi 30 hadi 45, theluji mpya nyingi kwa muda mfupi, upepo unaoirundika upande mmoja, na joto linalopanda ghafla. Sentimita 30 ndani ya siku moja ni dalili ya kusimama na kufikiri. Ulaya na Amerika Kaskazini kuna taarifa za maporomoko zenye viwango 5 vya hatari, ambazo wakati wa baridi hutolewa kila siku. Kilimanjaro hakuna, kwa hiyo macho ya kiongozi ndiyo taarifa. Jua hapa linapiga karibu wima na linapanda haraka, na upande wa mashariki, wa Marangu na Rongai, linaanza mara tu linapochomoza. Theluji iliyokuwa kavu na tulivu saa kumi na moja alfajiri inaweza kuwa nzito na legevu saa tatu asubuhi.

Hapa ndipo fimbo mbili za kukodi zinapokuwa na thamani kuliko watu wanavyodhani. Zirefushe zote sentimita 120. Gusisha ncha ya fimbo ya kwanza kwenye mteremko, huku fimbo yenyewe ikielekea nje ikiwa imelala sawa kabisa na upeo. Fimbo ya pili ishushe wima kutoka mwisho wa ile ya kwanza hadi iguse theluji, kisha pima urefu uliotumika. Ukiwa sentimita 69, mteremko ni nyuzi 30. Sentimita 84 ni nyuzi 35, na ikitumika fimbo nzima ni nyuzi 45. Chini ya sentimita 60 uko kwenye mteremko mpole, ingawa bado utazame kilicho juu yako, maana theluji ya mteremko mkali inashuka hadi kwenye mpole. Ndiyo sababu vibano vya fimbo unavyokodi lazima vishike: weka uzito wako wote juu yake dukani, na ikijikunja ndani iache.

Dalili za hatari ni hizi: mlio mzito wa theluji kutitia chini ya mguu, nyufa zinazokimbia mbele ya kiatu, au alama za theluji iliyoshuka karibuni kwenye mteremko wenye uelekeo huohuo. Ukiziona kwenye mteremko mkali, rudini. Kama lazima mvuke sehemu ndogo yenye shaka, pitani mmoja mmoja, wengine wakitazama kutoka mahali salama, na mikono itoke kwenye vitanzi vya fimbo.

Ukikuta bikoni ya kutafutia watu waliofukiwa inauzwa kwa bei ya kutupa, kwa Uhuru usiinunue. Bikoni moja peke yake haiokoi mtu. Inahitaji mwenzako awe nayo, na kila mmoja awe na koleo la chuma na fimbo ya kuchomea theluji yenye urefu wa sentimita 240 au zaidi, na wote muwe mmefanya mazoezi, kwa sababu nafasi ya aliyefukiwa kuishi hushuka vibaya baada ya dakika 10 hadi 15. Kiongozi anayeinunua kwa ajili ya kazi ya nje, kwenye milima yenye majira ya baridi, ahakikishe ni ya masafa ya 457 kHz yenye antena tatu, afungue mlango wa betri aone kama kuna ukungu wa kijani, na aijaribu na nyingine kwa kutembea mbali hadi ishara ipotee. Betri ziwe za aina inayoruhusiwa na mtengenezaji, kwa kawaida za alkalaini. Simu ikae angalau sentimita 20 kutoka kwenye bikoni inayotuma ishara, na sentimita 50 wakati wa kutafuta.

Kuhusu maduka yenyewe, linalotufaa ni lile linaloruhusu kutoa kifaa nje ya mlango na kukijaribu kwa muda unaotaka, na linaloandika kasoro kwenye risiti kabla ya kutoka. Uliza kama bei ni ya safari nzima au ya kila siku, na kama safari ikiongezeka siku moja inakuwaje. Usiache pasipoti wala kitambulisho cha taifa kama dhamana, weka fedha na uandikiwe kiasi. Kodi siku mbili kabla, maana kasoro ikigundulika jioni ya kuamkia safari utapokea chochote kilichobaki. Getini Marangu unaweza kupata vya kukodi, ila wakati huo gari linasubiri, wagumu wanapima mizigo, na hakuna anayekupa nafasi ya kuvuta mpira wa spaiki. Piga picha kila kifaa pande zote mbili mbele ya muuzaji. Ukirudi, kausha begi na gaita kabla ya kuvipeleka, na kiungo au mpira ulioharibika mwonyeshe mwenye duka kwa kidole na uhakikishe anautenga kando, usirudi kwenye ndoo.